Walipeni wakimbiaji miguu yao ikiwa bado mizima

Earl Campbell alikimbia na mpira yadi 9,407 katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Yadi 6,457 kati ya hizo, yaani zaidi ya theluthi mbili, alizipata katika misimu yake minne ya mwanzo, kuanzia 1978 hadi 1981. Misimu minne iliyofuata aliicheza kwa mabaki ya nguvu zake. Mwaka 1986, akiwa na miaka 31, aliacha mpira. Mtu huyu aliyewatia hofu mabeki wa nchi nzima ameishi miaka mingi ya utu uzima wake akitegemea mkongojo na kiti cha magurudumu.

Naomba msomaji aishike hesabu hiyo ya misimu minne, maana hoja yangu yote imo humo. Kwa kanuni za leo za ligi hiyo, misimu minne ya mwanzo ndiyo ambayo mchezaji haruhusiwi kuuza nguvu zake kwa bei ya soko. Mrushaji wa mpira anaweza kuvumilia, kwa kuwa ana miaka kumi mingine mbele yake. Mkimbiaji hana. Mkataba wake wa kwanza unapoisha, sehemu kubwa ya mwili wake imekwisha pamoja nao. Kumnyima mtu bei halali katika miaka ambayo ana kitu cha kuuza, kisha kumwambia amechakaa siku anaporuhusiwa kwenda sokoni, ni dhuluma, hata kama imeandikwa kisheria na kutiwa saini.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Ukerewe, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa mifupa hapa Houston, jiji ambalo Campbell alilichezea. Nina kijana wa sekondari ambaye mapaja na kifua amevichukua kwa babu yake mzaa mama. Tangu kocha wa shule alipomwona akikimbia mita 100, amekuwa akinipigia simu kuniomba kijana ajiunge na timu, apewe nafasi ya mkimbiaji. Ijumaa jioni, Texas inapohamia kwenye viwanja vya shule, jukwaani nakaa na akina mama kutoka Kivu, Burundi na Kenya. Tunaongea Kiswahili, na chini yetu wapo watoto wetu ndani ya helmeti. Kwa hiyo jambo hili liko nyumbani kwangu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wetu tumekulia Simba na Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards, na mchezo huu wa Wamarekani tunauona kama vurugu tupu. Kila timu ina mrushaji, ambaye ndiye anayeanzisha shambulizi. Anaweza kuurusha mpira mbali kwa mwenzake, au kumkabidhi mkononi mtu aliyesimama karibu naye. Huyo anayekabidhiwa ndiye mkimbiaji. Anaubana mpira kifuani na kuingia nao katikati ya watu wenye kilo 130 na zaidi, akitafuta upenyo. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Ndiyo maana mara nyingi mkimbiaji anatumwa akatafute yadi tatu tu, na hizo tatu anazilipia kwa kuangushwa chini na watu wawili au watatu. Mrushaji analindwa na kanuni nyingi, na anayempiga vibaya huadhibiwa. Mpokeaji wa pembeni anaweza kutoka nje ya mstari bila kuguswa. Mkimbiaji hupigwa karibu kila anaposhika mpira, na asiposhika mpira mara nyingi anatakiwa ajitupe mbele ya beki ili amkinge mrushaji.

Campbell alizaliwa Tyler, mashariki mwa Texas, tarehe 29 Machi 1955, mtoto wa sita kati ya kumi na mmoja. Tyler ni mji uliopata jina kwa waridi, na familia yake iliishi kwa kufanya kazi katika mashamba ya maua hayo. Baba yake alifariki Earl akiwa na miaka 11. Mama yake, Ann, akabaki na watoto na waridi, akijazia kipato kwa kufanya usafi katika nyumba za watu. Kijana alipopata umaarufu, watu walimwita Waridi la Tyler, wakaona ni jina tamu. Mimi nikilisikia namwona yule mama ameinama shambani.

Mwaka 1973 Earl aliiongoza shule yake, John Tyler, kutwaa ubingwa wa jimbo. Vyuo vikamgombania. Akachagua Chuo Kikuu cha Texas, kule Austin, na mwaka 1977, msimu wake wa mwisho chuoni, alikimbia yadi 1,744, akaongoza vyuo vyote vya nchi na kupewa tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo. Hakuna mchezaji wa chuo hicho aliyekuwa ameipata kabla yake. Mwaka 1978 klabu ya Houston Oilers ilifanya mabadilishano na Tampa Bay ili ipate nafasi ya kuchagua kwanza kabisa, ikamchagua yeye. Kwa fedha ya mpira alimjengea mama yake nyumba mpya.

Tarehe 20 Novemba mwaka huo, usiku wa Jumatatu, Oilers waliwakaribisha Miami Dolphins katika uwanja wa Astrodome, na nchi nzima ikatazama kwenye televisheni. Campbell alikimbia yadi 199 na kuvuka mstari wa mwisho mara nne. Mara ya nne, mchezo ukiwa unaelekea ukingoni na mabeki wa Miami wakiwa hoi, alichomoka pembeni na kukimbia yadi 81 peke yake. Houston ilishinda 35 kwa 30. Wazee wa jiji hili wakikueleza usiku ule, hata wagonjwa waliolala kitandani na goti jipya, huinuka kidogo kwenye mto.

Mwaka huohuo, katika mchezo dhidi ya Los Angeles Rams, aliinama na kumgonga beki Isiah Robertson kifuani kwa helmeti, akampita juu, akaendelea kukimbia huku jezi yake ikichanwa na mabeki wengine. Picha hiyo imeonyeshwa kwa vizazi na watu huipigia makofi. Mwaka 2013 ligi ilipitisha kanuni inayomkataza mkimbiaji kugonga kwa utosi wa helmeti akiwa eneo la wazi. Kwa maneno mengine, kitendo kilichomfanya Campbell apendwe kuliko vingine vyote leo ni kosa, kwa sababu hatimaye wakubwa wa mchezo walikubali kwamba shingo na ubongo vina mwisho wa kuvumilia.

Tuhesabu alivyotumika. Mwaka 1978 alikabidhiwa mpira mara 302. Mwaka 1979, mara 368. Mwaka 1980, mara 373, wastani wa karibu mara 25 kwa kila mchezo aliocheza. Mwaka 1981, mara 361. Jumla ni mara 1,404 katika misimu minne, bila kuhesabu michezo ya mtoano. Aliongoza ligi nzima kwa yadi miaka mitatu mfululizo, na mwaka 1980 alifikisha yadi 1,934, akivuka yadi 200 katika michezo minne ya msimu mmoja. Mara mbili Oilers walifika mchezo mmoja kabla ya fainali kuu, na mara zote mbili Pittsburgh Steelers waliwazuia. Kocha Bum Phillips alifukuzwa baada ya msimu wa 1980. Campbell akabaki, akaendelea kukabidhiwa mpira.

Kisha mwili ukaanza kudai. Msimu wa 1982 ulifupishwa na mgomo wa wachezaji, naye akaambulia yadi 538. Mwaka 1983 alijikaza akafikisha 1,301. Katikati ya msimu wa 1984 Houston ilimpeleka New Orleans, na badala yake ikapata haki ya kuchagua kijana mpya kutoka chuoni katika raundi ya kwanza. Alicheza hapo mpaka mwisho wa msimu wa 1985. Agosti 1986, katika maandalizi ya msimu mpya, akatangaza kwamba amefika mwisho. Zilibaki yadi 593 tu afikishe 10,000, na hakuzifuata. Mwaka 1991 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Alikuwa na miaka 36.

Kilichofuata ndicho ninachokijua zaidi kuliko mpira. Campbell amesema hadharani juu ya magoti yake, ugonjwa wa viungo, mgongo wake, hofu ya ghafla iliyoanza kumshika miaka michache baada ya kustaafu, na vidonge vya maumivu alivyovizoea mpaka mwaka 2009 familia yake ikasimama kidete akaenda kutibiwa uraibu. Ugonjwa wake wa mgongo ni wa kusinyaa kwa mfereji wa uti wa mgongo. Mfereji ule unapopungua upana, mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni hubanwa. Mgonjwa akisimama wima, miguu inawaka na kufa ganzi. Akiinama mbele, mfereji hufunguka kidogo na maumivu hupungua. Ndiyo maana wagonjwa wetu wa aina hii hutuambia wanaweza kuzunguka duka zima wakiliegemea toroli, lakini hawawezi kusimama kwenye foleni ya kulipa.

Goti nalo lina gegedu, utando laini unaokaa kati ya mifupa. Gegedu likisagika halioti tena kama ngozi. Mfupa unakutana na mfupa, na kila ngazi ya nyumba inakuwa shughuli. Mgonjwa akishawekewa goti la bandia tunamsimamisha siku ileile au kesho yake, na huo ndio wakati ninaoona watu wazima wenye mikono mikubwa wakiuma meno wasilie mbele ya wake zao. Kwa kawaida nawaona katika umri wa miaka sitini au sabini. Wale waliocheza mpira huu kwa miaka mingi huja mapema zaidi, wakiwa bado na watoto wa kusomesha.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema wachezaji hawa wana mamilioni na waache kulalamika, namwomba aangalie kanuni zinavyofanya kazi.

Mwaka 2011 wamiliki wa klabu na chama cha wachezaji walikubaliana viwango vya malipo ya wachezaji wapya. Kijana akichaguliwa kutoka chuoni anafungwa kwa miaka minne. Malipo yake yanategemea alichaguliwa wa ngapi, na hawezi kuufungua tena mkataba wake mpaka amalize msimu wa tatu, hata kama ameibeba klabu mabegani. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza anaweza kuongezewa mwaka wa tano kwa uamuzi wa klabu peke yake. Baada ya hapo kuna kifungu kingine, kilichoanza mwaka 1993, kinachoiruhusu klabu kumzuia mchezaji mmoja asiende sokoni kwa mwaka mmoja zaidi, na inaweza kukitumia tena mwaka unaofuata. Malipo ya kifungu hicho hukokotolewa kutokana na mishahara mikubwa ya nafasi anayocheza. Nafasi inayolipwa kidogo inazidi kulipwa kidogo.

Chukua mwaka 2023. Saquon Barkley wa New York, Josh Jacobs wa Las Vegas na Tony Pollard wa Dallas, wote wakimbiaji, walizuiwa kwa kifungu hicho. Jacobs alikuwa ametoka kuongoza ligi nzima kwa yadi 1,653. Pollard alikuwa amevunjika mguu miezi michache kabla, katika mchezo wa mtoano. Kiwango cha mkimbiaji mwaka huo kilikuwa dola milioni 10.1. Wapiga mpira kwa mguu, ambao huingia uwanjani mara chache na hawaguswi sana, ndio pekee waliowekewa kiwango cha chini zaidi. Mwaka 2017 kiwango cha mkimbiaji kilikuwa zaidi ya dola milioni 12. Katika miaka hiyo mapato ya ligi yalipanda, na mwaka 2021 ilitia saini mikataba ya televisheni ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa miaka 11. Fedha ikapanda, malipo ya mkimbiaji yakashuka.

Na hao ndio wenye majina. Isiah Pacheco alichaguliwa na Kansas City mwaka 2022 akiwa wa 251, karibu na mkia wa orodha. Msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 830, akafunga katika Super Bowl, yaani fainali kuu ya ligi, klabu ikawa bingwa. Msimu wa pili alikimbia yadi 935, klabu ikawa bingwa tena. Kijana wa namba hiyo hulipwa karibu na kima cha chini cha ligi, ambacho kwa mchezaji mpya mwaka 2022 kilikuwa dola 705,000. Kwangu mimi muuguzi hizo ni fedha nyingi, sikatai. Lakini Septemba 2024, mwaka wa tatu wa mkataba, kabla hajafika popote pa kujadili bei yake, alivunjika mfupa wa mguu. Makombe mawili yamo kabatini kwa klabu. Mfupa ulikuwa wake.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja tatu, na zote zinastahili jibu.

Ya kwanza ni kwamba mchezo umebadilika, siku hizi ushindi uko kwa mrushaji, na mkimbiaji yeyote anaweza kubadilishwa na kijana wa bei nafuu. Barkley alijibu kwa miguu yake. New York ilimwacha aondoke, naye mwaka 2024 akajiunga na Philadelphia, akakimbia yadi 2,005, na Februari 2025 klabu hiyo ikaichapa Kansas City 40 kwa 22 katika Super Bowl. Mwezi uliofuata akaongezewa mkataba wa wastani wa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, jambo ambalo hakuna mkimbiaji aliyelipata kabla yake. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini alipata bei hiyo akiwa na miaka 28, na goti lililowahi kuchanika kano mwaka 2020. Wangapi huvunjika kabla ya kufika hapo?

Hoja ya pili ni kwamba mikataba hii ilisainiwa na chama cha wachezaji wenyewe. Ni kweli. Ila chama kina wachezaji wa nafasi zote, na wakimbiaji ni wachache ndani yake. Mwaka 2019 kikundi kimoja kiliiomba bodi ya kazi ya serikali iwatambue wakimbiaji kama kundi lenye maslahi yake ya pekee, na ombi hilo halikufanikiwa. Wengi wakipiga kura juu ya mwili wa wachache, karatasi inakuwa halali, lakini haki inabaki kudaiwa.

Hoja ya tatu ni kwamba hakuna aliyewalazimisha. Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Mtoto wa Tyler aliyefiwa na baba akiwa na miaka 11 na mama yake akivuna waridi alikuwa na njia ngapi mbele yake? Mtu akiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, tusimwambie amechagua mlango.

Wapo walioweza kuondoka wakiwa wanatembea vizuri. Jim Brown wa Cleveland aliacha mwaka 1966, akiwa na miaka 30, wakati bado hakuna aliyemfikia. Barry Sanders wa Detroit aliacha Julai 1999 akiwa na yadi 15,269, zikibaki 1,457 tu afikie rekodi ya yadi ya ligi, iliyoshikiliwa na Walter Payton. Watu walimlaumu Sanders wakamwita msaliti wa mashabiki, na klabu ikadai irudishiwe sehemu ya fedha ya kusaini. Mimi namheshimu kwa uamuzi ule kuliko kwa mbio zake zote. Alijua kwamba rekodi haimbebi mtu kupanda ngazi za nyumba yake.

Waafrika wenzangu wanapenda kutaja habari ya Christian Okoye, na ni habari nzuri. Alizaliwa Enugu, Nigeria, akaja Marekani kusoma na kurusha kisahani, na hakuwahi kucheza mpira huu mpaka alipokuwa chuoni, baada ya Nigeria kumwacha nje ya timu ya Olimpiki ya 1984. Mwaka 1989, akiwa Kansas City, aliongoza ligi kwa yadi 1,480. Ni fahari kwetu sote. Lakini tuisimulie mpaka mwisho. Mwaka ule alikabidhiwa mpira mara 370. Mwaka uliofuata yadi zake zilishuka hadi 805, na baada ya msimu wa 1992 safari yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amecheza misimu sita.

Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Campbell alijikokota akarudi Texas, na lazima niseme kwa haki kwamba chuo chake kilimpokea. Kilimpa kazi, mwaka 2006 kikamsimamishia sanamu nje ya uwanja, na mwaka 2020 eneo la kuchezea ndani ya uwanja huo likapewa jina lake pamoja na la Ricky Williams, mkimbiaji mwingine wa Texas aliyeshinda Heisman. Klabu iliyomtumia mara 1,404 katika misimu minne iliondoka Houston mwaka 1997 kwenda Tennessee na ikabadilisha jina. Jezi yake namba 34 haivaliwi tena na mtu huko. Heshima hizo zote ni njema, lakini hakuna hata moja inayonyoosha mgongo.

Mkataba wa sasa kati ya ligi na wachezaji unakwenda hadi msimu wa 2030. Mazungumzo ya mkataba utakaofuata yatakapoanza, kuna mambo matatu ambayo chama hakipaswi kuyaachia. Kwanza, mkimbiaji aruhusiwe kufungua mkataba wake baada ya msimu wa pili, kulingana na mara alizokabidhiwa mpira. Hesabu hizo ligi inazo tayari, inaziandika kila mchezo. Pili, kifungu cha kumzuia mchezaji kisitumike kwa mkimbiaji, au kama lazima kitumike, malipo yake yawe wastani wa nafasi zote. Tatu, matibabu ya viungo, mgongo na ubongo yawe ya maisha. Kwa sasa mchezaji aliyetimiza misimu mitatu hupata bima ya afya ya ligi kwa miaka mitano baada ya kustaafu. Atakayeacha akiwa na miaka 28, bima itamwacha akiwa na 33, na magoti yake yatakuja wodini kwangu akiwa na 45. Anayefaidi kazi ya mwili wa mtu agharimie matengenezo yake.

Kwa wazazi wenzangu mnaosoma Kiswahili huku Marekani, nina neno lenu. Kijana wangu nimemruhusu acheze, maana anaupenda mchezo na simwoni kama mali yangu. Lakini nilikaa na kocha nikamwuliza mambo ambayo naomba na ninyi muulize. Mwanangu atakabidhiwa mpira mara ngapi kwa mchezo? Nani mwingine anashirikiana naye katika nafasi hiyo? Mazoezi ya kugongana ni siku ngapi kwa wiki? Mtaalamu wa majeraha yuko uwanjani au anaitwa kwa simu? Sheria ya Texas ya mwaka 2011 inataka mwanafunzi anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo atolewe mchezoni papo hapo, na asirudi mpaka daktari aandike na mzazi atie saini. Saini hiyo ni yako, mama. Ni yako, baba. Usiitoe kwa sababu Ijumaa kuna mchezo mkubwa.

Wakija watu wa vyuo, jueni kwamba mambo yamebadilika tangu enzi za Campbell. Tangu 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Kwa mkimbiaji hiyo ni habari kubwa, kwa sababu miaka ya chuo nayo inakula miguu. Msisaini karatasi yoyote bila mwanasheria wenu, asiye wa chuo wala wa wakala. Fedha ikipatikana, sehemu iwekwe kwa ajili ya mwili wake wa uzeeni. Na shahada aimalize, maana darasani hakuna anayemwangusha.

Msione haya kuuliza bei mkidhani ni tamaa. Kijana akikabidhiwa mpira leo, alipwe leo.